Mama-mukwe wa Troisième Primaire

Kule kwetu Kikula, mu muji wa Likasi, kuna bantu babili tu benye kufanya bazazi bakimbie mu avenue: muntu wa kukata courant ya umeme, na Madame Emérance, mwalimu wa shule, ile kwetu tunaitaka masomo. Muntu wa courant, unamupatia kiti, unamupatia maji, munaongea-ongea, kisha anaenda kukatia jirani. Madame Emérance, apana. Yeye akiisha kuingia mu lupango, mu kiwanja ya nyumba yako, anatafuta kiti yeye mwenyewe, anaikala, anatia sakoshi ku magoti, anauliza: "Mutoto anafanyiaka wapi devoir, kazi yake ya nyumbani? Munionyeshe pale."

Sasa utaonyesha wapi? Utaonyesha meza yenye kujaa na masufuria? Nilionaka papa moja, chef d'équipe ku usine, ku kiwanda, muntu wa kufokea bantu kutoka asubui, anamuona Madame pa kona ya avenue, anaingia mu choo, anafunga. Madame alingoya. Alingoya mupaka papa mwenyewe alishindwa na harufu, akatoka.

Bantu banasemaka iko na kasirani. Iko nayo, sikatae. Lakini weye utiwe mu chumba moja na batoto bane-bane ku banc ya bantu babili, mabati inawaka jua juu ya kichwa, mu mukono uko na kipande ya chaki ya kukatakata, halafu directeur anapitisha shingo mu mulango, anakuambia: "Madame, discipline!" Utacheka? Minye ningepiga muntu.

Alizaliwa Kambove. Baba yake alikuwa anatumika ku mine, mama alikuwa analima. Balimutuma kusoma Mulungwishi, akatoka na diplome ya kufundisha, akaolewa hapa Likasi na chauffeur wa camion. Siku moja chauffeur alipeleka mizigo upande wa Kolwezi. Camion ilirudi, yeye apana. Madame hakulia mbele ya bantu. Alisema tu, "Basi, aikale uko," akarudi mu classe yake ya troisième primaire, mwaka wa tatu, na njo mule iko mupaka leo.

Kintu yenye ilikuwa inamuchemusha zaidi ni neno moja ya directeur wake: "bagages". Ule directeur alikuwa muntu wa chemise ya kupasi muzuri, saa kubwa ku mukono, na batoto benye kukawia kusoma alikuwa anabaita vile, mizigo. "Minye siko train ya marchandises," anasema, "siwezi kukokota bagages." Mutoto akianguka mara moja, anarudilia mwaka. Akielekea kuanguka tena, banamuonyesha mulango, aende kutafuta masomo ingine. Wapi? Directeur hajui, na haulize. Pembeni pale kuna masomo ya kulipisha sana, yenye kusifiwa mu muji ju ya pourcentage yake, hesabu ya batoto benye kupita mutihani, na yeye pia alitaka pourcentage yake ipande. Na njia ya mwepesi ya kuipandisha ni kutosha batoto, kubafukuza. Ile, hata minye niliishia sixième, mwaka wa sita, ninaweza.

Ule mwaka, bagage ya kwanza ilikuwa kabinti moja, Orpha. Alikuwa anarudilia troisième. Mutoto mupole, malinda ya nguo yenye kupangwa, kiatu inang'aa. Lakini ukimuita ku tableau, anakuangalia kama vile weye njo mwenye kupashwa kujibu. Saba mara nane? Kimya. Unamuonyesha neno mu kitabu? Kimya. Hajui kusoma hata jina yenye iko ku boite ya kiberiti.

Lakini devoir yake, mama eh! Calcul, hesabu, yote juste. Français bila kosa. Mistari ya kupigwa na règle. Madame anaandika "très bien", muzuri sana, na bic nyekundu, anageuka, anamuita ule mwenye très bien ku tableau, na mutoto anaikala kimya kama picha ya passport.

Directeur alikata maneno: "Ni kichwa nguvu. Siku ya kufunga masomo kwa Pasaka atasoma mbele ya batoto bote. Akishindwa, aende. Place yake nitapatia mutoto mwenye kujua."

"Mutoto mwenye kujua, atakuya kutafuta nini kwetu?" Madame alimujibu. "Si anajua?"

"Madame, heshima."

"Heshima iko, Monsieur le directeur. Lakini minye najua Orpha wa mu classe tu. Orpha wa mu devoir, sijamuonaka. Acha niende nimutafute."

Basi siku ile, jua inaanza kushuka, akakuya mu avenue yetu. Lupango ya bazazi ba Orpha inagusana na yangu, na ukuta ya katikati ilianguka na mvua. Kwa hiyo sikupeleleza muntu. Mulango ya nyumba yabo ilikuwa wazi, niliona tu, kama kila muntu mwenye macho.

Mule mu lupango muko Nicolas, baba ya mutoto, soudeur, muntu wa kuunga vyuma. Muko Berthe, bibi yake, mwenye kuuzisha mikate ku soko. Na bandugu babili ba Nicolas, Rolly na Chérie. Madame alisimama pa mulango, hakupiga hodi. Na iki njo aliona.

Orpha iko mu fauteuil, kiti ile moja tu ya nyumba yenye iko na mito. Miguu haifiki chini. Berthe anapiga magoti mbele yake na sahani ya maji: "Mama, nawa mikono." Nicolas anatoka ku kazi, anavua kofia, anainama: "Mama yangu, ulishinda namna gani?" Na ule kabinti anamujibu bila kucheka: "Nilishinda muzuri, mwana wangu. Na weye?"

Chini, ku mukeka, Rolly na Chérie banalala na tumbo juu ya cahier, daftari ya Orpha.

"Saba mara nane, makumi tano na sita," Rolly anasema.

"Makumi tano na ine! Weye ulianguka sixième mara ngapi?"

"Weye hata sixième haukuiona. Uliishia ku mulango, unauzisha karanga."

"Bana," Orpha anasema kutoka mu fauteuil, "mufanye mbio. Nasikia njala."

Pale Madame akaingia. Bote balisimama. Orpha peke yake alifunga macho, akajifanya mwenye kulala.

"Bonsoir," Madame anasema. "Natafuta mwanafunzi yangu. Ni weye, Papa Rolly? Kesho ukuye na nguo ya malinda."

Nicolas alicheka kidogo, ya aibu, akamutafutia kiti, na akaanza kumueleza. Kwetu, mutoto akipewa jina ya mukubwa, anakuwa ule mukubwa. Ukimupatia jina ya baba yako, unamuitaka baba. Ni mambo ya furaha, kila nyumba inafanya, na kesho yake ule "baba" anatumwa kuchota maji kama batoto bengine. Lakini Nicolas alivuka mupaka.

"Madame, uyu si mutoto," anasema. "Ni mama mwenye kunizaa. Alikufa wakati Berthe alikuwa na mimba. Mimba ikatoka binti, tukamupatia jina yake, njo yeye alirudi. Mama yangu aliponda mawe uko Kamatanda, na nyundo, minye niko ku mugongo yake. Vidole yake yote iliharibika. Niliapa, akirudi hatateseka tena. Hata na calcul."

Madame aligeukia Berthe: "Na weye mwenye kumubeba mu tumbo, unasema nini?"

Berthe aliangalia chini. "Madame, ile ni mama-mukwe yangu. Minye nisimame, nimuambie mama-mukwe: kamata kitabu? Uliona wapi? Juzi alikataa sombe, nikapika mboga ingine."

"Ilikuwa na chumvi mingi," Orpha anasema, macho bado ya kufunga.

Minye kule ukuta, nilianza kucheka. Lakini niliona uso ya Madame, kicheko ikanirudia ndani.

"Papa Nicolas," anasema polepole, "mama yako, ule wa kwanza, alijuaka kusoma?"

"Apana. Bazazi bake habakumutuma ku masomo."

"Banamuandikia dawa ku hospitali, nani alikuwa anamusomea?"

"Minye. Nilikuwa mutoto wa deuxième. Nilikuwa nasoma kwa kubahatisha."

"Kwa kubahatisha! Dawa ya mama yako! Na uyu wa pili unataka naye banabahatisha juu yake? Basi mulimurudisha ju ya nini? Arudi aone ileile giza? Ile si heshima, Papa Nicolas, ile ni kumunyanganya! Mara ya kwanza benye kumunyima masomo ni bazazi bake. Sasa mwenye kumunyima ni mwana yake mwenyewe, na anamunyima na sahani ya maji mu mukono!"

Ungesema hapa Nicolas atalia. Apana. Nicolas aliokota cahier ku mukeka, akaifungua mbele ya pua ya Madame.

"Na hizi très bien, ni nani aliandika? Angalia. Mwandiko yenye kulala ni ya Rolly. Yenye kusimama ni ya Chérie. Tangu septembre unaona mikono mibili ya bantu bakubwa, na unatia très bien, très bien, très bien. Macho yako ilikuwa wapi, Madame? Na ile masomo yenu inatuitaka lini? Siku ya frais! Siku ya kulipa frais, makuta ya masomo, munajua jina yangu, munajua na numero ya lupango. Mama yangu anashindwa kusoma mwaka huu na mwaka mwengine, kuna nani aliniita? Kuna nani?"

Madame alikamata cahier, akaangalia mwandiko ya kulala na ya kusimama, akainamisha kichwa. Minye namujua tangu zamani, na sikuwahi kuona ile.

"Uko na haki," alisema mwisho. "Kabisa. Lakini na haki yako yote, Orpha hajui kusoma. Na directeur atamusomesha mbele ya bantu siku ya kufunga kwa Pasaka. Akishindwa, anamufukuza."

"Nani afukuze mama yangu?"

"Njo maana niko hapa. Ikala."

"Naweza kwenda kulala?" Orpha anauliza.

"Ndiyo, mama," balijibu bote bane.

"Apana," Madame anasema.

Hakubakataza kumuita mama. Alikuwa na akili kupita vile. Alisema: "Kama ni mama ya nyumba, basi mama njo anafundishaka nyumba. Kila mangaribi, mbele ya kukula bukari, Mama Orpha atakamata kitabu, atabasomea. Munaikala chini, munasikiliza. Mwenye kumusaidia neno moja, alale bila kula. Na minye, asubui mbele ya kengele, nitamukamata peke yake, kwanza na Kiswahili yetu, kisha Français. Très bien, sitaandika tena ya kintu sikuona anaandika."

Unawaza ni kazi ya mutoto ilikuwa nguvu? Ilikuwa kazi ya bakubwa! Siku ya kwanza, Orpha anafika ku neno ya kwanza, anakwama, anainua macho: "Rolly, mwana wangu, soma." Rolly anauma kola ya chemise. "Chérie?" Chérie anaanza kuhesabu misumari ya mulango. Nicolas alishindwa, akatoka inje, akaanza kuzunguka nyumba kama mulinzi. Kila akipita ku dirisha: "Alimaliza?" "Bado!" Bukari inapoa, mboga inapoa. Orpha analia ndani, Nicolas analia inje, na jirani bengine banauliza nani alikufa.

Mwenye alisimama nguvu ni Berthe. Sikuwaza. Ule muke mwenye kupiga magoti na sahani, aliikala pembeni ya fauteuil, akasema na sauti tamu, tamu kabisa: "Soma tena, mama-mukwe. Kutoka mwanzo." Mutoto anasoma. "Tena, mama-mukwe. Haukusikilika." Minye naamini siku ile Berthe alikuwa analipiza ju ya bibi bote ba Katanga.

Ilikawia. Musiwaze ilikuwa kama mu sinema. Kuna juma yenye Orpha alikataa kufungua mulomo, bakakula bukari baridi siku kwa siku. Madame alipita jioni kuuliza: leo alishinda na nini, alikwama wapi? Berthe anamuambia: herufi mbili zikigusana, anapotea. Asubui Madame anaanzia pale. Jioni Madame anaambia Berthe: leo alijua hii na hii, musimupitishe pale mbio. Njo vile tu. Hakuna dawa ingine. Mama anajua kintu moja, mwalimu anajua kintu ingine, na miaka mibili hakuna muntu alibaikalisha ku kiti moja! Ju ya nini? Ju ya ile bureau ya directeur iko na kiti moja tu, ya directeur.

Siku ya kufunga kwa Pasaka ikafika. Batoto bote mu cour, mu kiwanja ya masomo, mbele ya bendera. Directeur na saa yake. Bagages bane, Orpha na bengine batatu, banasimama peke yabo mbele, kila muntu abaone muzuri, kama bintu ya kuuzisha. Batoto, eh! Batoto ba miaka nane, kenda! Ni nani alimuambiaka directeur kama mutoto anasomaka muzuri wakati bantu mia tano banangoya aanguke?

Directeur aliona bazazi ba Orpha banaingia pa mulango, akakunja uso. "Bano banatafuta nini? Ni mambo ya masomo."

"Leo ni frais," Madame alijibu. "Ingieni, ingieni."

Baliingia: Nicolas na salopette ya kazi, Berthe na beseni yake ya mikate ku kichwa, Rolly, Chérie. Na minye nyuma yabo, ju ukuta ya masomo haikuanguka, sikuweza kuonea kwetu.

Banaita Orpha. Directeur anafungua kitabu yeye mwenyewe, anatia kidole ku page yenye habakusomaka mu classe. Mutoto anakamata. Anaanza. Polepole, sauti ndogo, lakini inatoka. Mustari wa kwanza unapita. Mustari wa pili, anafika ku chura mwenye kuruka mu cour, na mu Français chura iko na jina ya kukunjakunja: grenouille.

"La gre…" Anasimama. "La gre… gre…"

Batoto ba nyuma balianza kucheka. Directeur aliangalia saa. "Voilà," anasema. "Bagage."

Ku upande wa bazazi, Nicolas alikuwa anavimba. Shingo, mashavu, yote. Neno ilikuwa inamutoka. Alifungua mulomo, na Berthe, bila hata kumuangalia, akakamata mukate mu beseni, akamutia mu meno. "Kula, papa," anasema.

Orpha aliangalia baba yake: iko anatafuna, machozi inashuka. Aliangalia Rolly: Rolly anaangalia mawingu. Chérie anaangalia viatu. Aliangalia Madame, na Madame chaki ilikuwa inamuvunjikia mu mukono, lakini mulomo wa kufunga.

Njo pale mutoto alikasirika. Kasirani ya kweli, ya mama mukubwa. Akapiga muguu chini, akasema na Kiswahili, masomo yote inasikia: "Banajua, na banakataa kuniambia!"

Kisha akatia kidole mu kitabu kama vile anataka kuitoboa. "Gre. Nou. Gre-nou… ille. Grenouille! La grenouille saute dans la cour!" Na akaendelea mupaka chini ya page, si kama muntu mwenye kusoma, kama muntu mwenye kugombana. Hakukwama tena. Kasirani ilimupitisha.

Directeur alikamata kitabu yake. "Anasoma polepole," anasema.

"Polepole!" Madame alitoka mu mustari ya balimu. "Polepole! Mwaka muzima unamuita muzigo mbele ya bantu, leo anakusomea page yenye hakuonaka, unaona tu polepole! Weye mwenyewe ulizaliwa unasoma? Na hawa batatu bengine, Monsieur le directeur, uliingiaka mu nyumba gani yabo? Unajua mama gani? Unajua nani anabasaidia, nani anabaharibu? Haujui! Hata minye sijajua, na ni haya yangu! Lakini leo hakuna mutoto mwengine atasoma mbele ya hii cour bila mama yake kusimama pale. Hakuna!"

Hawa batatu balibakia na kusimama, habajui kama bakimbie. Directeur aliangalia balimu bengine. Hakuna mwenye kumuangalia. Aliangalia bazazi: Nicolas alikuwa anamaliza mukate.

"Basi," anasema, na sauti ya muntu mwenye kugawa zawadi. "Uyu Orpha abaki. Bengine, tutaona kisha congé ya Pasaka, na bazazi babo." Kisha akanyoosha kola, akageukia cour nzima: "Munaona discipline ya masomo yetu namna inazaa matunda."

Discipline! Minye nilitafuta jiwe, naapa. Ilikuwa cour ya ciment.

Tulitoka. Nicolas alikimbia mbele, uso yote inacheka, akanyoosha mikono mibili: "Mama yangu, leta sakoshi nikubebee."

Orpha alimuangalia, kisha akaangalia Rolly, Chérie, na Berthe, moja moja. Alitia sakoshi ku mugongo yake mwenyewe, akavuta kamba, akaanza kupanda avenue mbele yetu, mbio-mbio.

"Mama, tungoye!" Rolly anaita.

"Musiniite mama," anasema bila kugeuka. "Niko Orpha. Na leo hakuna mwenye nitasomea. Musome benyewe."